Shabaha Mbele ya Watu

Starehe katika nchi ya Wamatengo, wilayani Mbinga mkoani Ruvuma, hufuata kahawa. Mavuno huanza katikati ya mwaka, kiangazi kikiwa kimeshika, na malipo ya vyama vya msingi yakishaingia mikononi ndipo harusi, komunio, ngoma na safari za Ziwa Nyasa zinapopata nafasi. Kabla ya hapo mtu wa Mbinga yuko shambani. Anachuma buni, au mapema zaidi anachimba ngoro, yale mashimo yanayoshikilia udongo na maji kwenye miteremko mikali ambako tuta la kawaida lingesombwa na mvua.

Matembezi makubwa ni ya kushuka. Milimani mwezi wa Juni watu hushinda na masweta. Mbamba Bay, makao makuu ya Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, iko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, na mgeni wa milimani akifika huko kitu cha kwanza anachotafuta ni kivuli. Barabara ya lami ya kilomita 66 imeifanya kuwa safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Mtu anayekwenda ziwani peke yake huonekana ana jambo. Watu huenda kwa kwaya, kwa jumuiya, kwa kikundi cha kuweka na kukopa, wakachangishana mafuta ya gari na mchele, na mweka hazina akabaki na daftari la wadaiwa hadi mwezi unaofuata. Wakifika hula mbasa wa kukaanga au usipa, huogelea, hupiga picha. Wengine huendelea kaskazini hadi Liuli, penye kaburi la William Percival Johnson, mmisionari wa Kianglikana aliyefariki mwaka 1928 baada ya kutumikia pwani hii kwa karibu nusu karne, na penye jiwe la Pomonda linalochomoza majini. Ziwa lenyewe halina ukarimu wakati wote. Kati ya Mei na Agosti upepo wa mwera hutoka kusini mashariki na kuliinua, hivyo miezi ambayo wakulima wanaanza kupata fedha ndiyo miezi ambayo mtumbwi si wa kufanyia mzaha.

Starehe ya kale ya pwani hii ilikuwa ni kutembeleana kijiji kwa kijiji kwa ajili ya mganda. Ngoma hiyo ilichipuka baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kutokana na beni, nayo beni iliiga gwaride na bendi za kijeshi. Wanaume hupanga mistari, kaptura na mashati meupe yakiwa yamepigwa pasi, soksi zimevutwa hadi karibu na goti, wakasogea kwa hatua fupi huku wakivumisha vibuyu. Kibuyu hicho hutobolewa tundu, na tundu hufunikwa utando mwembamba wa buibui. Mwimbaji akiimba ndani yake, utando hutetema na sauti hutoka nzito, yenye mkwaruzo kama wa tarumbeta. Utando ukichanika katikati ya wimbo, kila mtu anasikia. Wanawake wana kioda yao. Katika ngoma zote mbili wageni na wenyeji hupimana waziwazi: nani kavaa vizuri, mstari wa nani umepinda. Terence Ranger, mwanahistoria aliyechapisha kitabu kuhusu beni mwaka 1975, alizitazama ngoma hizi kama mahali ambapo watu wa kawaida walishindania heshima wakati vyeo vya kweli vilikuwa mikononi mwa wakoloni. Maelezo hayo yana nguvu, ingawa hayamalizi jambo, kwani wakoloni waliondoka na mashindano yakabaki.

Michezo ya shabaha ina asili tofauti. Ilitoka kwenye kazi. Mpunga wa mabonde ya ziwani na ulezi wa milimani hushambuliwa na ndege kabla ya kukomaa, na kuamia ndege tangu zamani ni kazi ya watoto. Mtoto hukaa kwenye dungu akiwa na kombeo au manati na rundo la mawe. Manati nzuri huanzia kwenye panda ya mpera, mti mgumu usiopasuka upesi. Mikanda hukatwa kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, na kijaluba cha kushikia jiwe hutoka kwenye ulimi wa kiatu kilichochakaa. Mikanda ikitofautiana upana hata kidogo, jiwe huenda upande mmoja siku zote, na mwenye manati hujifunza kulenga pembeni badala ya kuikata upya. Shambani hakuna wa kuhesabu. Ndege wakiruka, kazi imefanyika, jiwe likiwapata au lisiwapate. Shabaha hugeuka mchezo pale watoto wanapopanga makopo juu ya kichuguu na mmoja wao akasema, "Tuone." Tangu hapo kukosa kunakuwa na mashahidi.

Kwa watu wazima mchezo wa shabaha uliotapakaa leo, kuanzia Mbinga mjini hadi kwenye vibanda vya ufukweni, ni pool. Meza ni ndogo, hula sarafu, na huwekwa barazani ili wapita njia waone. Kila mchezaji ana mipira 7 ya kutumbukiza kabla ya kuugusa ule mweusi. Anayeshinda hubaki mezani, anayeshindwa humpisha aliyeweka sarafu yake kwenye foleni. Utaratibu huu hufanya mambo mawili: mwenye meza hupata fedha bila kusimamia, na aliyeshindwa hugeuka mtazamaji papo hapo, akiwa na kinyongo na muda wa kuongea. Maneno ya pembeni ni sehemu ya mchezo. Mtu akiinama kulenga, atasikia akiulizwa habari za shemeji yake.

Kama maneno hayo yanaharibu shabaha au yanainoa, ni swali lililowashughulisha wanasaikolojia kwa muda mrefu. Mwaka 1898 Norman Triplett wa Marekani aliwapa watoto 40 kazi ya kuzungusha magurudumu ya nyuzi za kuvulia samaki, mara wakiwa peke yao, mara wakishindana. Nusu yao waliongeza kasi walipokuwa na mwenzao, robo walivurugika, waliobaki hawakubadilika sana. Mwaka 1965 Robert Zajonc alitoa maelezo yaliyopatanisha matokeo hayo yaliyopingana: kuwapo kwa watu huamsha mwili, na mwili ulioamka hufanya upesi kile ulichokizoea. Aliyezoea kupatia hupatia zaidi. Aliyezoea kukosea hukosea zaidi. Mwaka 1982 watafiti wengine wa Marekani walilijaribu wazo hilo kwenye meza za pool zenyewe. Wachezaji wazuri walikuwa wakipatia mipigo 71 katika kila 100. Watu wanne waliposogea na kutazama, wakafika 80. Wachezaji dhaifu waliteremka kutoka 36 hadi 25. Utafiti huo ulikuwa mdogo, na haupaswi kubebeshwa mzigo mkubwa, lakini yeyote aliyekaa baraza moja jioni moja hatashangazwa nao.

Upande wa jicho nao umechunguzwa. Joan Vickers wa Kanada, akianzia kwenye gofu na mpira wa kikapu katika miaka ya 1990, alionyesha kwamba hodari hutuliza macho mahali pamoja kwa muda mrefu zaidi kabla ya mkono kuondoka, ilhali mwanagenzi huyahamisha hamisha. Kwenye pool macho hayo hutulia kwenye mpira au kwenye alama yake. Kwenye vishale hutulia kwenye kipande chembamba cha ubao uliotundikwa kitovu chake kikiwa mita 1.73 kutoka sakafuni, mrushaji akiwa mita 2.37 mbali. Vishale vinahitaji ukuta mzuri na watu wasiokatiza, mambo mawili yasiyopatikana kirahisi barazani, na huenda ndiyo sababu pool imevipita.

Pool ina maadui. Mwaka 2016 Rais John Magufuli aliwakemea vijana wanaocheza asubuhi badala ya kufanya kazi, na viongozi wa mikoa na wilaya mbalimbali wamekuwa wakipiga marufuku meza kufunguliwa saa za kazi. Hoja hiyo ni ya haki msimu wa kuchuma buni. Katika miezi ambayo kahawa haihitaji mikono, hoja hiyo ina uzito mdogo. Lawama nyingine husikika mara chache zaidi, nayo ina msingi mkubwa: baraza la pool ni la wanaume karibu peke yao. Mwanamke anayeshika fimbo hutazamwa kwa sababu zisizohusu mpira.

Shabaha ya bunduki ina kisa chake kwenye pwani hii. Wajerumani waliiita Liuli Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba unaofanana na ile sanamu ya Misri. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliikuta meli ya Kijerumani, Hermann von Wissmann, imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha Rhoades na mwenzake Berndt walikuwa marafiki wa kunywa pamoja, na Berndt alikuwa hajapata habari kwamba vita vimeanza. Inasimuliwa kwamba mzinga mdogo wa Gwendolen ulikosa mara kadhaa kabla ya kupata, na kwamba Berndt alipanda mashua akaja juu akiuliza kama rafiki yake amelewa. Alichukuliwa mateka. Mwaka uliofuata Waingereza walirudi kuiharibu Wissmann zaidi, na baada ya vita ilitengenezwa ikasafiri tena kwa jina la King George V.

Siku hizi kumiliki bunduki kunafungwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, yenye leseni na ukaguzi, kwa hiyo wengi wanaoijua shabaha ya risasi mkoani Ruvuma wamejifunza jeshini, katika Jeshi la Kujenga Taifa au kwenye mafunzo ya mgambo, ambako aliyekosa husomewa alama zake mbele ya kikosi kizima.