Je, Wajua? Mtoto wa miaka 6 aliyebeba filamu nzima

Quvenzhané Wallis alikuwa na miaka 5 tu alipopelekwa kwenye usaili wa filamu huru ya Beasts of the Southern Wild, huko Louisiana, Marekani. Walitakiwa watoto wa kuanzia miaka 6. Mama yake akampitisha hivyo hivyo. Kati ya maelfu waliojaribiwa akachaguliwa yeye, ambaye hakuwa amewahi kuigiza.

Alipoanza kurekodiwa alikuwa ametimiza miaka 6. Bajeti haikufika dola milioni 2, na ubahili huo una raha yake: yale madubwana yenye pembe yanayomkabili Hushpuppy, mhusika wake, ni nguruwe wa kufugwa waliovishwa ngozi na pembe bandia! Hata "baba" yake, Dwight Henry, alikuwa mwoka mikate wa New Orleans. Mwanzoni aliikataa nafasi hiyo, maana alikuwa na biashara ya kuendesha.

Mwaka 2013, akiwa na miaka 9, Wallis aliteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora wa kike. Tuzo ilikwenda kwa Jennifer Lawrence, lakini hadi leo hakuna aliyeteuliwa katika kundi hilo akiwa na umri mdogo kuliko Wallis.