Dhiki ya Mfereji, Faraja ya Kuinama

Katika mtaa mmoja wa Ng'ambo, mjini Unguja, palikuwa na mzee aliyepata kuwa seremala, mtu wa mwili mkavu na heshima nyingi, ambaye majirani walianza kumsengenya kwa jambo lililowashinda kulifahamu. Kutoka barazani kwake mpaka msikitini hapakufika hatua mia tatu, lakini hakuweza kuzimaliza bila ya kutua mara tatu, miguu ikiwa mizito kama iliyofungwa mawe, na ganzi ikimteremka kutoka makalioni, ikapita nyuma ya mapaja hata ikaingia nyayoni; ilhali mzee yule yule, akishapanda baiskeli yake kuukuu na kuinamia usukani, alikwenda soko la Mwanakwerekwe na kurudi, kikapu cha samaki kikining'inia, bila ya kulalamika. Mwenye kuiweza baiskeli kiasi hicho, walisema watu, hashindwi na hatua mia tatu ila kwa uvivu. Hawakujua kwamba katika tafauti ile ndimo ulimokuwamo ushahidi wa maradhi yake.

Maradhi hayo ni kufinyika kwa mfereji wa uti wa mgongo, na matabibu huyaita stenosisi, jina lenye asili ya Kiyunani na maana ya wembamba. Sisi tunalo neno dhiki, ambalo katika asili yake ya Kiarabu ni ufinyu wa mahali kabla ya kuwa ufinyu wa maisha. Na mwenziwe, faraja, katika asili hiyo hiyo ana udugu na uwazi na kufunguka. Wazee waliposema kuwa baada ya dhiki ni faraja, walikusudia mambo ya moyo. Lakini kwa mgonjwa huyu maneno hayo ni kweli ya maungo.

Mgongo ni pingili zilizopandana, na kila pingili ina tundu kwa nyuma. Matundu hayo yakipangana hufanya mfereji, na ndani yake umepita ugwe wa fahamu utokao ubongoni. Ugwe huo hukoma karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na kutoka hapo huendelea fungu la mishipa ya fahamu ambalo wataalamu, kwa kuliona linavyochanua, waliliita mkia wa farasi. Kiunoni, mfereji huwa aghalabu na milimita 15 hadi 25 kutoka mbele kwenda nyuma. Ukipungua chini ya 10, yaani kama upana wa kifungo cha shati, huhesabiwa kuwa umefinyika. Mfinyaji mkubwa ni umri: visahani vilivyo baina ya pingili hukauka maji, vikabonyea na kutokeza, viungo vidogo vya nyuma huota mifupa, na ule ukano wa manjano uliotandazwa ndani ya mfereji hunenepa. Wako pia waliozaliwa na mfereji mwembamba, ambao taabu huwafikia mapema.

Lakini mfereji huu haukai kwa kipimo kimoja mchana kutwa. Mtu akisimama wima, sembuse akijipinda nyuma, ukano ule hujikunja ukaingia ndani, visahani vikatokeza zaidi, na mishipa ikabanwa pamoja na damu inayoilisha. Na akitembea, mishipa huhitaji damu nyingi zaidi wakati ule ule inapoikosa. Akiinama, ukano hunyooshwa ukawa mwembamba, na nafasi ikapanuka. Ndiyo sababu bibi mwenye maradhi haya anaweza kuketi juu ya mbuzi akakuna nazi mbili kwa raha, kisha akashindwa kuanika kanga tatu kwenye kamba iliyo juu ya kichwa chake. Na yule seremala alikuwa akiteseka katika kisimamo cha sala, akapata raha katika rukuu, na akirejea katika itidali maumivu nayo yakarejea.

Mwaka 1954 Henk Verbiest, mpasuaji wa Utrecht katika Uholanzi, aliandika kwa ubainifu juu ya wagonjwa ambao miguu iliwauma wakisimama au wakitembea, na ambao mfereji wao ulikuwa mwembamba. Na mwaka 1977 Dyck na Doyle walichapisha kipimo cha baiskeli, chenye kutenga maradhi haya na yale ya mishipa ya damu iliyoziba. Tabibu wa seremala wetu hakuwa na haja ya baiskeli. Alibonyeza kwa vidole juu ya wayo na nyuma ya kifundo, akaisikia damu inapiga barabara, kisha akauliza:

"Mzee wangu, ukisimama tu njiani, pasi na kuketi, maumivu hutulia?"

"La, mwanangu. Mpaka niketi, au niinamie kitu."

Mwenye mishipa ya damu iliyoziba miguuni hupata nafuu kwa kusimama tu. Mwenye mfereji uliofinyika hudai kuketi au kuinama. Swali hilo lina thamani kwa sababu picha peke yake hudanganya: katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1990 huko Marekani, watu wasio na maumivu yoyote walipigwa picha za sumaku, na katika waliovuka miaka 60, asilimia 21 walionekana wana mfereji mwembamba. Tabibu hutibu mtu, hatibu picha.

Basi mtu aishi vipi na dhiki hii? Kwanza ajue kwamba wengi hubaki katika hali moja kwa miaka, na wengine hupata nafuu; kupooza si hatima ya kila mgonjwa. Pili, asiache kwenda, maana misuli iliyolala huuacha mgongo bila ya mhimili. Aende masafa mafupi, aketi kabla ya maumivu kumlazimisha, kisha aendelee. Baiskeli ni rafiki. Kuvuta magoti kifuani asubuhi kitandani ni faida. Kulala ubavu magoti yakiwa yamekunjwa huleta usingizi. Kamba ya kuanikia ishushwe, na mzigo wa kichwani apewe kijana. Kuchuliwa kwa mafuta hulegeza misuli, ingawa hakupanui mfereji. Lakini kukanyagwa mgongo hali umelala kifudifudi ni kuukunja upande ule ule unaoufinya.

Dawa za maumivu kama diklofenaki, zinunuliwazo dukani kama peremende, huweza kumtoboa mzee tumbo, zikamdhuru figo na kumpandisha shinikizo la damu. Zisitumiwe bila ya ushauri. Sindano za steroidi mgongoni zilipojaribiwa kwa wagonjwa 400, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2014, baada ya wiki 6 hazikuzidi kwa lolote la maana sindano ya ganzi peke yake. Upasuaji wa kuondoa mfupa unaobana husaidia maumivu ya miguu kuliko ya kiuno. Na jaribio la mwaka 2015 la wagonjwa 169 lilionyesha kuwa, baada ya miaka miwili, walioanza kwa mazoezi na walioanza kwa kisu walilingana, ingawa zaidi ya nusu ya wale wa mazoezi waliishia nao kupasuliwa. Kwa hiyo wengi wana wasaa wa kufikiri.

Asiye na wasaa ni yule ambaye ganzi imemwingia sehemu zinazogusa tandiko la baiskeli, au mkojo umemzuilika au unamtoka bila ya hiari, au mguu umelegea ghafla: huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Na ambaye mfereji umefinyika shingoni, akaanza kushindwa kufunga vifungo na kuyumba anapokwenda, naye asichelewe.

Seremala hakupasuliwa. Sala aliisali juu ya kiti, kama sharia inavyomruhusu mwenye udhuru, na safari yake ya msikitini aliipima upya, si kwa hatua, bali kwa baraza: ya muuza kahawa, ya mjane wa nahodha, na ya jirani aliyekuwa hodari kuliko wote kumwita mvivu. Hiyo ya tatu ndiyo aliyoketi kwa muda mrefu zaidi, akiinamia bakora yake, mpaka mwenyewe akazoea kumwekea mto.