Kutoka Babati hadi kuitwa wakili: njia ni ndefu kiasi gani?

Wadau, vijana wetu wengi hapa Babati wakimaliza kidato cha sita, hasa wale wa HKL na HGL, ukiwauliza wanataka kusoma nini watakujibu: sheria. Mzazi anafurahi, ng'ombe anauzwa, kijana anaenda chuo. Tatizo ni kwamba wachache wanaambiwa mapema kuwa digrii peke yake haikufanyi wakili.

Iko hivi. Kwanza unasoma digrii ya sheria, miaka 3 au 4 kutegemea chuo. Halafu unatakiwa upite Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ile wengi tunaiita Law School, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007. Ukifaulu hapo ndipo unaomba kwa Jaji Mkuu uapishwe kuwa wakili. Na shule hiyo iko Dar es Salaam, kutwa nzima ndani ya basi kutoka hapa. Ada ni jambo moja. Chumba, chakula na nauli za daladala ni jambo jingine kabisa.

Mwaka 2022 nchi nzima ilishtuka matokeo yalipotoka. Kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu. Wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani na 265 walifeli kabisa. Yaani katika kila mia, wanne! Serikali ikaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Mjadala ukaenda mbali hadi kwenye namna vyuo vikuu vinavyoandaa wanafunzi, na lugha pia. Mtoto aliyesoma sekondari ya kata isiyo na walimu wa kutosha wa Kiingereza anakutana na mitihani ya sheria kwa Kiingereza. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, lakini vitabu na hukumu za zamani bado ni Kiingereza kitupu.

Kwa nini sisi wa Manyara tujali? Tukumbuke kesi ya ardhi ya kijiji cha Mulbadaw, Hanang, dhidi ya NAFCO, wenye mashamba ya ngano. Wanakijiji walishinda Mahakama Kuu, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikatengua, kwa hoja kwamba umiliki wao haukuthibitishwa inavyotakiwa. Siku kama hiyo unahitaji wakili anayeijua sheria, na anayejua pia Mbarbaig anaishije na malisho yake. Sasa hivi Mahakama Kuu inakaa hapa hapa Babati, hatupandi tena Arusha kwa kila rufaa. Jengo limesogea, je, mawakili wa kwetu wamesogea?

Mabadiliko yanawezekana. Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961, mwanamke alikuwa mmoja tu, Julie Manning. Baadaye akawa Jaji, kisha Waziri wa Sheria. Leo mawakili na majaji wanawake si jambo la kushangaza.

Kwa kijana anayesoma hapa, zingatia haya:

1. Bodi ya Mikopo sasa ina mwongozo wa mikopo kwa wanafunzi wa Law School pia. Zamani hapo ndipo wengi walipokwama. Fuatilia tarehe za maombi mapema.

2. Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto kinatoa cheti na stashahada ya sheria. Kwa asiyefikia alama za digrii, ni mlango mwingine.

3. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria. Hawa hawahitaji digrii ya sheria, na vijijini ndio watu wa kwanza kukimbiliwa.

Swali langu kwa wadau: halmashauri zetu zikisomesha hata vijana wawili kila mwaka hadi waapishwe, kwa sharti warudi kufanya kazi huku, tutashindwa? Mwasemaje?