Chungu cha Ugenini: Vyakula vya Dzaleka na Funzo Lake kwa Askari

Mwenye njaa hana miiko, walisema wahenga. Hapana shaka walisema kweli, lakini usemi huo una mpaka wake. Mtu aliyekimbia vita hula apatacho siku ya kwanza na ya pili. Akishatulia, moyo wake huanza kutafuta ladha ya kwao. Ndipo huonekana wake kwa waume wakihangaikia majani fulani, samaki wa namna fulani, au unga wa rangi fulani, mambo ambayo mpita njia aweza kuyaona kuwa ni anasa. Si anasa. Ni nchi yao waliyoibeba ndani ya chungu.

Mahali pazuri pa kulitazama jambo hili ni Dzaleka, makazi ya wakimbizi yaliyoko wilayani Dowa, kati ya kilomita 40 na 50 kaskazini ya Lilongwe, mji mkuu wa Malawi. Enzi ya utawala wa Kamuzu Banda mahali hapo palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa, na jina lenyewe hufasiriwa kuwa ni kauli ya mfungwa anayeapa kwamba hatarudia tena. Mwaka 1994 gereza hilo liligeuzwa kuwa kambi ya wakimbizi, ikakusudiwa kuchukua watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo wamo zaidi ya 50,000, wengi wao Wakongo wa Kivu, wakifuatiwa na Warundi na Wanyarwanda. Lugha ya sokoni aghalabu ni Kiswahili.

Kwa askari wa Tanzania na wa Malawi, watu hawa si wageni kabisa. Brigedi iliyoundwa kwa Azimio namba 2098 la Baraza la Usalama, Machi 2013, ilikuwa na vikosi kutoka Tanzania, Malawi na Afrika Kusini, nayo ilipelekwa Kivu. Nchi hizo tatu zilipeleka tena askari huko Desemba 2023 chini ya SADC, katika kazi ambayo wakuu wa nchi waliamua kuikomesha Machi 2025. Walioilinda Goma na Sake wamekwisha kuona vyungu vya watu hawa vikiwa nyumbani kwao. Dzaleka wangeviona vikiwa ugenini.

BUGALI NA SOMBE

Mfalme wa meza ya Kivu ni bugali wa muhogo, ambao wengine huuita fufu. Muhogo mchungu humenywa, huvundikwa majini siku tatu au nne, huanikwa juani, hutwangwa na kuchekechwa, ndipo husongwa. Mboga yake mashuhuri ni sombe, yaani majani ya muhogo, ambayo kwetu huitwa kisamvu. Majani hutwangwa mpaka yalainike kabisa, huchemshwa kwa saa nzima au zaidi, kisha hutiwa vitunguu, pilipili hoho na mafuta ya mawese.

Kuvundika na kutwanga huko si ushamba wala upotezaji wa wakati. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na hatua hizo ndizo ziitoazo. Mwaka 1985, wakati wa ukame, baadhi ya watu wa Tarime, hapa kwetu Tanzania, walifupisha siku za kuutayarisha muhogo kwa sababu ya njaa. Wakapatwa na konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu na usiopona. Kwa hiyo bibi anayegoma kuepua chungu chake kabla ya wakati ana sababu iliyothibitishwa na waganga.

Huko Dowa bibi huyo ana taabu mbili. Ya kwanza ni kuni, kwa kuwa sombe hula kuni nyingi, na mahali penye watu zaidi ya elfu hamsini kila kijiti kina mwenyewe. Ya pili ni kwamba Dowa si nchi ya michikichi. Ni nchi ya tambarare ya mahindi, tumbaku na karanga. Mawese yapatikanapo huwa yametoka mbali, na bei yake ni ya mbali vilevile. Lakini hapo karanga za Dowa huja kuokoa jahazi. Wachewa wana desturi ya kuunga mboga kwa unga wa karanga uitwao nsinjiro, na upishi huo wenyewe huitwa kutendera. Sombe iliyoungwa kwa karanga ni chakula ambacho Mkongo na Mmalawi waweza kukila katika sahani moja bila kuulizana kabila.

Hali kadhalika upande wa ugali. Nsima ya Malawi ni ya mahindi meupe, lakini Watonga wa Nkhata Bay, kando ya ziwa, hula kondowole, yaani ugali wa muhogo. Mkimbizi aliyedhani kwamba ameacha chakula chake ng'ambo ya mpaka hugundua kwamba chakula hicho kilitangulia kufika.

Samaki nao wana hadithi ya kufunza. Mtu wa Uvira hukumbuka ndagala wa Ziwa Tanganyika, ambao kwetu Kigoma ni dagaa. Mtu wa Goma na Bukavu hukumbuka sambaza wa Ziwa Kivu. Na hao sambaza wenyewe walichukuliwa kutoka Tanganyika na kupandikizwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo hakuna anayewaita wageni. Malawi nayo ina usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, ambao hukaushwa na kuuzwa mpaka masoko ya Lilongwe. Usipa aliyekaangwa kwa nyanya na vitunguu hakosi kumridhisha mtu wa Kivu, ingawa atanung'unika kidogo kwa ajili ya heshima ya ziwa lake.

VINYWAJI, HALALI NA HARAMU

Katika vinywaji yafaa askari, hasa wa polisi, wajue kutofautisha. Thobwa ya Malawi, inayotengenezwa kwa unga wa mahindi na kimea cha ulezi au mtama, ni ile ile togwa ya kwetu Ruvuma. Ikinywewa mapema haileweshi. Ni lishe ya mkulima na mtoto. Wakongo nao wana kinywaji chao cha tangawizi, kikali kooni lakini kisicho na kileo.

Impeke ya Warundi ni jambo jingine. Hiyo ni pombe ya mtama, na desturi ni kuketi kukizunguka chungu kimoja na kunywa kwa mirija. Hunywewa penye mahari, penye msiba na penye kusuluhisha ugomvi. Anayekunywa nawe katika chungu kimoja ametangaza mbele ya watu kwamba hana kinyongo nawe. Kwa watu waliokimbia damu ya jirani na jirani, desturi hiyo si ndogo.

Ama kachasu ya Malawi, ambayo kwetu ni gongo na kwa Wakongo wa kusini-mashariki ni lutuku, hiyo ni marufuku, na marufuku hiyo ina sababu. Pombe iliyokenekwa kienyeji haina kipimo, na ikiingiwa na methanoli hupofusha na kuua. Askari hatendi kosa kumwaga gongo. Hutenda kosa anapomwaga togwa ya mama kwa kuwa tu hakujua iliyo ndani ya ndoo.

MGENI NA JEMBE

Kwa miaka mingi wakazi wa Dzaleka walipewa mgao wa mahindi, kunde na mafuta. Baadaye mgao ukageuzwa kuwa fedha, nao umepunguzwa mara kwa mara kwa upungufu wa michango ya wafadhili. Waswahili husema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini Malawi ilipojiunga mwaka 1987 na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 iliweka vizuizi, miongoni mwavyo juu ya kazi ya mshahara na juu ya mahali pa kuishi. Haki yataka tukumbuke kwamba nchi hiyo ndogo ilikuwa ikipokea Wamsumbiji, ambao mwanzoni mwa miaka ya 1990 walifika kiasi cha milioni moja.

Hata hivyo wengi walikwenda kufanya biashara Lilongwe na miji mingine. Machi 2023 Serikali iliagiza warudi Dzaleka, na Mei mwaka huo vyombo vya dola vikaanza kuwaondoa Lilongwe kwa nguvu. Uhalali wa amri hiyo ni jambo la sheria za Malawi. Linaloonekana kwa macho ni kwamba jiko la Dzaleka sasa lina walaji wengi zaidi, na walioweza kujinunulia unga wamerudi kungoja mgao.

Pamoja na hayo jembe limepatikana, nalo ni mwiko na kikaango. Katika soko la Dzaleka wakulima wa Dowa huleta mahindi, karanga na nyanya, nao hurudi na mahitaji yao ya dukani. Tangu mwaka 2014 Tamasha la Tumaini, lililoanzishwa na msanii mkimbizi wa Kikongo, Menes La Plume, limewavuta watu wa Lilongwe kwenda Dzaleka kusikiliza ngoma na kula vyakula vya wenyeji wao wapya. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na wale Walilongwe huko kwao hununua mchele bora unaoitwa Kilombero, unaolimwa Karonga. Jina hilo Mtanzania hahitaji kufasiriwa.

Ndugu askari, kazi yetu hutukutanisha na watu waliohama, ama huko Kivu, ama Nyarugusu kule Kigoma, ama mpakani. Twaweza kuamriwa kuwahesabu, kuwahamisha au kuwapekua, na amri halali hutekelezwa. Lakini kinu si silaha, na muhogo uliovundikwa kwenye ndoo si uchafu wa kupigwa teke: ni kazi ya siku nne ya mwanamke asiye na akiba nyingine. Amri ikisema watu wapande gari, mpeni mama nafasi ya kuepua chungu chake. Kufanya hivyo kwachukua dakika chache, na hakuna kifungu cha nidhamu kinachokataza.