Mbuga Haihitaji Miche Yenu

Kila msimu wa kupanda miti unapofika naulizwa swali lile lile: "Mtaalamu, mbuga ile ipo wazi tu, kwa nini tusiijaze miti ivute hewa ya ukaa na kuzuia moto?" Jibu langu halibadiliki: msipande.

Kwanza, mbuga haipo wazi. Sehemu kubwa ya kaboni yake imo ardhini, katika mizizi na udongo, ambako moto wa nyasi haufiki. Majani yakiungua, mvua za kwanza huyarudisha. Mti huiweka kaboni yake nyingi juu, kwenye shina na matawi. Ukiungua, akiba ya miaka 20 hupanda angani kwa mchana mmoja.

Na miti inayogawiwa ni ipi? Misindano yenye utomvu na mikaratusi yenye mafuta majanini. Hizo ni kuni zilizosimama! Kama miti hiyo ingekuwa kinga ya moto, mashamba ya miti ya Sao Hill kule Mufindi yasingehitaji njia za moto wala walinzi kila kiangazi. Tena hunywa maji mno: tangu 1995 serikali ya Afrika Kusini inawalipa watu kukata miti vamizi ya kigeni ili mito ipate maji. Na kivuli chake huua nyasi zenyewe.

Anayetaka ushahidi atazame Serengeti. Ugonjwa wa sotoka, uliokuwa ukiua nyumbu, ulipodhibitiwa miaka ya 1960, nyumbu waliongezeka kutoka chini ya 300,000 hadi zaidi ya 1,000,000. Walikula nyasi ambazo zingelisha moto. Moto ukapungua, miti ya asili ikarudi, na mbuga iliyokuwa ikipoteza kaboni ikaanza kuihifadhi. Hakuna aliyepanda hata mche mmoja.

Basi fanyeni haya. Lisheni kwa zamu, mifugo ihame kabla ardhi haijabaki uchi. Penye msimu mmoja wa mvua, chomeni mapema, Mei au Juni, nyasi zikiwa na unyevu: vipande vipande, upepo ukiwa umetulia, kwa kibali, majirani wakijua. Msingoje Septemba, moto wa wakati huo hauzuiliki. Fyekeni njia za moto kuzunguka makazi. Msilime mbuga, maana jembe huitoa kaboni iliyojikusanya kwa karne nzima. Miche mliyonayo ipelekeni kwenye misitu iliyokatwa. Huko ndiko inakohitajika.