Silikosisi: Ugonjwa unaobeba jina la jiwe

LIKASI, Haut-Katanga – Mchimba madini akikohoa kwa miezi kadhaa, wengi hufikiria kwanza kifua kikuu. Lakini upo ugonjwa mwingine wa mapafu unaofanana nacho, na jina lake lenyewe linaeleza ulikotoka.

Ni silikosisi, au silicose katika Kifaransa kinachotumika hospitalini nchini Kongo. Neno hilo lina sehemu mbili. Silex ni Kilatini, maana yake jiwe gumu litoalo cheche likigongwa. Osis ni kiishio cha Kigiriki ambacho madaktari hukitumia kutaja hali ya ugonjwa. Kwa ufupi, ni ugonjwa wa jiwe. Daktari wa Italia, Achille Visconti, alilitumia jina hilo mwaka 1870.

Likasi, iliyoitwa Jadotville enzi za ukoloni, imekua kwa shaba na kobalti. Katikati ya miamba yenye madini hayo huko Katanga kuna tabaka ambalo wanajiolojia huliita Roches Siliceuses Cellulaires, kwa kifupi RSC. Neno siliceuses nalo limetokana na silex. Mwamba na ugonjwa vina asili moja ya jina.

Mwamba wa namna hiyo ukitobolewa au kupondwa ukiwa mkavu, hutoa vumbi laini lisiloonekana kwa macho. Vumbi hilo huingia ndani kabisa ya mapafu na kuacha makovu yasiyopona. Pumzi hupungua kidogo kidogo, mara nyingi baada ya miaka kumi au zaidi ya kazi.

Kutofautisha magonjwa haya mawili ni muhimu. Dawa za kifua kikuu haziondoi makovu ya silikosisi. Tena, mwenye silikosisi hupata kifua kikuu kwa urahisi zaidi, hivyo mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili.

Kwa hiyo anayekohoa asimweleze daktari dalili peke yake. Ataje pia kazi yake: alichimba au kuponda mawe kwa miaka mingapi, hata kama aliacha zamani.

Kinga ipo: kumwagia mwamba maji kabla ya kuutoboa, kuingiza hewa safi shimoni na kuvaa barakoa maalumu za kuchuja vumbi. Kitambaa kilichofungwa puani hakitoshi.