Kazi ya Tope Jeusi

Januari 1992, huko Cornwall, Uingereza, maji yaliyojaa katika mgodi wa bati wa Wheal Jane yalifumuka na kumwagikia mto Carnon. Mgodi ulikuwa umefungwa mwaka uliotangulia na pampu zikazimwa. Karibu lita milioni 50 za maji makali yenye chuma, zinki, kadimi na aseniki ziliteremka kuelekea baharini, na mto ukageuka rangi ya machungwa. Miaka 2 baadaye yalijengwa hapo mabwawa ya majaribio, mengine yakapandwa matete: ardhi oevu ya kutengenezwa.

Wengi hudhani matete ndiyo yanayofyonza sumu. Hapana. Mmea huchukua sehemu ndogo tu ya metali, nayo hubaki zaidi mizizini. Kazi kubwa hufanywa na tope. Katika bwawa la kina kifupi, chuma hukutana na hewa, kikawa kutu na kutuama. Aseniki hunata kwenye kutu hiyohiyo. Kisha maji huingia bwawa lisilo na hewa, lililojazwa maranda ya mbao, nyasi kavu na samadi. Humo huishi bakteria wanaopumua salfeti badala ya oksijeni, na kutoa gesi inayonuka yai viza. Mimi naipenda harufu hiyo, maana ndiyo dalili kwamba kazi inaendelea: gesi ikikutana na shaba, zinki, kadimi au risasi, hufanyika chembe zisizoyeyuka, zikazama. Matete nayo hutuliza mwendo wa maji, na majani yake yakioza huwa chakula cha bakteria.

Kule Savannah River, jimbo la South Carolina, Marekani, mabwawa ya namna hii yameondoa shaba katika maji tangu 2000. Wajenzi walichanganya jasi kwenye udongo ili bakteria wasikose salfeti.

Njia hii hudai eneo kubwa. Wheal Jane kwenyewe, tangu 2000, maji husafishwa kwa mtambo wa chokaa. Tena metali haitoweki, imehifadhiwa tu. Bwawa likikauka, hewa hurudi topeni, zile chembe huyeyuka na sumu huanza safari upya. Basi mgodi ukikuahidi mabwawa ya matete, uliza mambo matatu: nani atahakikisha hayakauki, tope litazolewa lini, na litatupwa wapi.